UPS imeunganishwa na NAS kwa USB: umeme ukikatika inajizima vizuri, ukirudi haiwaki. Kosa liko wapi?

#1 PichaTabata

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mpiga picha na video za harusi, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kazi zangu za miaka minne zimo kwenye NAS (kiboksi cha kuhifadhi faili kupitia mtandao) ya diski mbili, kila diski TB 4, nimeziweka RAID 1, yaani kila diski ina nakala ile ile ya mwenzake. Mwezi uliopita nilinunua UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) ya 650VA kwa sababu nilichoka na ule mlio wa diski umeme unapokatika ghafla: "tk", kisha kimya. Unausikia mpaka tumboni, maana unajua harusi za watu zimo mle ndani.

Nimeunganisha hivi: UPS kwenye soketi ya ukutani, NAS, ruta na kile kiboksi cha faiba vyote nyuma ya UPS, halafu kebo ya USB kutoka UPS kwenda NAS. NAS iliitambua UPS hapo hapo, chaji ya betri naiona kwenye simu. Nimeiambia umeme ukikatika isubiri dakika 5 ndipo ijizime.

Kujizima inajizima, sina neno. Shida ni kurudi. Alhamisi umeme ulikatika saa nane usiku, ukarudi kama baada ya nusu saa. Asubuhi nakuta ruta inawaka, UPS inawaka, NAS imelala. Jumamosi usiku wa kuamkia Jumapili ulikatika zaidi ya saa nne, UPS ikaisha kabisa. Uliporudi, ruta iliwaka yenyewe, NAS hola. Mpaka niende kubonyeza kitufe.

Wiki ijayo nina harusi Morogoro, na mhariri wangu yuko Arusha, faili anazivuta kutoka hapa nyumbani. Nikiwa njiani hakuna wa kubonyeza. Tatizo ni UPS, ni NAS au ni kebo?

#2 Kijana wa Sinza

Naweka kambi hapa. Yangu ina tabia hiyo hiyo, nimeshakata tamaa, kila asubuhi kitu cha kwanza ni kubonyeza kitufe.

#3 Chomoa_Chomeka

Dada, UPS ya 650 ni wati 650, hiyo inabeba mpaka friji, kwa hiyo si suala la nguvu. Ingia kwenye mipangilio ya NAS, kuna sehemu ya kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Kama haina tiki ndiyo hiyo hiyo. Uzi ufungwe.

#4 Mzee wa Multimita

Haufungwi, mdogo wangu. VA si wati. Geuza hiyo UPS usome kibandiko cha nyuma: nyingi za 650VA zimeandikwa wati 360 au 390. Na habari ya friji iache kabisa, mota ya friji inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya inachokula ikishatulia. Nimeshachomoa UPS zilizoungua kwa ushauri kama huo.

Kwa dada, nguvu inatosha na kubaki. NAS ya diski mbili inakula wati 15 mpaka 20, inaruka kidogo tu wakati diski zinaanza kuzunguka. Ruta na kiboksi cha faiba ni wati 15 hadi 20 nyingine. Ndani ya UPS kuna betri moja ya volti 12, ampea-saa 7. Kwenye karatasi inakupa saa nzima na zaidi. Kwa uhalisia, UPS yenyewe nayo inakula, hesabu dakika 40 betri ikiwa mpya.

#5 SevaYaChumbani

Mzee hapo #4 amemaliza upande wa nguvu. Sasa tuangalie Alhamisi peke yake, tuiache Jumapili kwanza.

NAS ilijizima baada ya dakika 5, kama ulivyoiambia. UPS haikuzima. Mzigo uliobaki ulikuwa ruta na faiba tu, kwa hiyo betri ilifika ile nusu saa bila jasho. Umeme ukarudi. Sasa jiulize: adapta ya NAS ilikosa umeme lini? Haikukosa hata sekunde. Ile tiki ya "jiwashe umeme ukirudi" inafanya kazi pale NAS inapoona umeme umetoka kisha umerudi. Kwa upande wake umeme ulikuwepo usiku kucha. Iliambiwa ilale, ikalala, na hakuna aliyeiamsha.

Dawa ni moja: NAS ikishafunga kila kitu, iiamrishe UPS nayo ikate umeme kwenye matundu yake ya nyuma. UPS inayojua kazi itakata, itakaa kimya, na umeme wa ukutani ukirudi itafungua tena. NAS itaona umeme umeingia, itaamka. Kwenye Synology ni Control Panel, halafu Hardware & Power, halafu ukurasa wa UPS; kuna kisanduku cha kuzima UPS mfumo unapoingia kwenye hali ya usalama. Kampuni nyingine nazo zina kitu kama hicho.

Hasara yake: ruta nayo itazimika hapo hapo. Ukitaka intaneti iendelee gizani, ruta itafutie UPS ndogo ya volti 12, zile za kukaa nyuma ya ruta.

#6 PichaTabata

Asante sana #5, sasa naelewa kitu ambacho wauzaji watatu hawakunieleza.

#3, tiki ipo, ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nimeweka na hiyo ya kuzima UPS. Nikachomoa UPS ukutani nijaribu. Dakika ya tano NAS ikazima taa moja moja. UPS ikaendelea kulia "pii" kila baada ya sekunde kadhaa, ruta inawaka kama kawaida. Nimekaa nayo dakika 25. Haikukata. Yaani UPS imekataa amri, au haikuisikia?

#7 Mzee wa Multimita

Kabla ya yote, usijaribu kwa kuchomoa plagi. Ukichomoa unaondoa na waya wa ethi, vyuma vyote vilivyo nyuma ya UPS vinabaki vinaelea bila ardhi. Soketi zetu za matundu matatu zina swichi, zima swichi ya ukutani. Umeme unakatika, ethi inabaki.

Na huyo aliyekufungia nyumba alichimbia ethi kweli? Mwite fundi apime. Nyumba nyingi ninazoingia waya wa ethi umefika kwenye soketi, lakini ukiufuatilia kule nje haufiki ardhini.

#8 SevaYaChumbani

Kwa swali la #6: UPS nyingi za bei ya chini zinazungumza lugha nyembamba sana. Zinaweza kusema "niko kwenye umeme", "niko kwenye betri", "betri imeshuka", na volti. Amri ya kukata, nyingine inazo kwenye karatasi tu.

Kama una kompyuta yenye Linux, chomeka ile kebo ya USB humo uandike lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB. Ukiona 0665:5161, hicho ni kijichipu cha Cypress kilichomo kwenye UPS chungu nzima zenye majina tofauti ya nje. Programu ya NUT, ambayo ndiyo NAS nyingi zinaitumia chini kwa chini, huisoma kwa draiva ya nutdrv_qx. Hapo tutajua inaelewa nini.

#9 PichaTabata

Ni hiyo hiyo, 0665:5161. Umejuaje?

#10 Chomoa_Chomeka

#9 huyo jamaa analala na UPS mbili mto mmoja.

Nakubali kuhusu wati, Mzee. Nimegeuza yangu nyuma, imeandikwa 360. Miaka yote nilikuwa nawadanganya watu bila kujua.

#11 Daktari wa Diski

Salaam. Kazi yangu ni kuokoa data, kwa hiyo mimi nawaona mkishachelewa.

Fungua taarifa za SMART za kila diski, yaani rekodi za afya ambazo diski inajiandikia, tafuta namba 192. Inahesabu mara ambazo diski ilipokonywa umeme ghafla na vichwa vikarudishwa kwa dharura. Ule "tk" unaousikia dada wa #1 ni huo. Kikawaida vichwa hurudi taratibu kwa amri. Umeme ukikatika, diski inatumia nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wake kuvirusha pembeni. Diski imetengenezwa kuvumilia hilo, ila si kila wiki.

Jambo kubwa kuliko vichwa ni kilichokuwa kinaandikwa wakati huo. NAS huweka maandishi kwenye RAM kwanza, ndipo inashusha kwenye diski. Ukikata katikati, diski moja imeandikwa na pacha wake bado. Wenye RAID 5, ile ya diski tatu au zaidi zinazolindana kwa hesabu, ndio wanaumia zaidi, maana data na hesabu yake ya ulinzi zinaweza kutofautiana bila mtu kujua mpaka siku diski moja ife.

#12 PichaTabata

Diski ya kwanza 192 inasoma 143. Ya pili 141. Nimekaa kitako.

#13 Mswahili wa Nyali

Habari kutoka Mombasa. Hapa mnazungumza amri na chipu, hakuna aliyeuliza umri wa betri.

Yangu ilinichezea hivyo hivyo. Skrini inasema chaji 100, stima ikipotea inakaa dakika mbili, inaanguka. Nikaifungua. Betri ilikuwa imevimba kama mandazi, imebana kwenye bati, haitoki. Ilibidi nikunje bati la pembeni na koleo. Betri za risasi na tindikali zimehesabiwa kwa joto la nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zinazozidi hapo, maisha yake yanakatika nusu. Chumba changu mwezi wa pili kiko 33 mchana, na ndani ya UPS kuna joto zaidi. Ile miaka mitatu hadi mitano iliyoandikwa kwenye boksi, huku pwani mimi nahesabu miwili.

Dada, UPS umenunua mwezi uliopita lakini imekaa dukani muda gani? Betri ikikaa bila kuchajiwa inakufa rafuni.

#14 Bin Mkunazini

Yakhe, nyinyi mnalilia saa nne. Sie hapa Unguja Desemba 2009 kebo ya chini ya bahari iliharibika, tukakaa mpaka Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima bila umeme wa gridi. Mie nilikuwa na kompyuta moja na jenereta ya kuazima, namchajia simu kila jirani. Kebo mpya ya megawati 100 ikaja 2013, ndio tukapumua.

Tangu hapo chochote chenye diski nyumbani kwangu hakigusi ukuta moja kwa moja. Na chumvi ya bahari nayo iwekeni kwenye hesabu. Tundu la USB la UPS yangu lilifanya kutu ya kijani, NAS ikawa inaipoteza UPS na kuipata, inaipoteza na kuipata. Nikasugua kwa spiriti, ikatulia. Kwa hivyo mie nasema kebo.

#15 Kijana wa Sinza

Kwa hiyo mpaka sasa: #5 anasema UPS haikati, #13 anasema betri, #14 anasema kebo. Mimi yangu haina hata hiyo kebo ya USB, nilidhani ukichomeka NAS nyuma ya UPS imetosha.

#16 SevaYaChumbani

#15 hapana kaka. Bila kebo NAS haijui kama iko kwenye betri. Itaendelea kuandika kwa raha mpaka betri iishe, halafu inaanguka kifo kile kile cha #11, umekichelewesha tu dakika 40. Na angalia kwa makini tundu ulilochomeka: UPS nyingine zina matundu ya aina mbili, ya betri na ya kuzuia mshtuko tu. Nimeshakuta NAS ya mtu imekaa mwaka mzima kwenye hilo la pili.

#14, kebo mbovu ingempa arifa za UPS kupotea. Dada, umewahi kuziona?

#17 PichaTabata

Sijawahi. Ila nimepakua kumbukumbu za mfumo. Alhamisi ni kama #5 alivyosema: 02:14 kwenye betri, 02:19 inajizima, halafu hakuna kitu mpaka 08:05 nilipobonyeza.

Jumapili ndiyo imenishangaza:

00:41 UPS iko kwenye betri
00:46 mfumo unajizima
05:09 mfumo umewaka
05:11 UPS iko kwenye betri, chaji imeshuka
05:11 mfumo unajizima
09:30 mfumo umewaka (hapa ni mimi)

Kumbe ILIWAKA yenyewe! Ikakaa dakika mbili ikazima tena.

#18 SevaYaChumbani

Asante kwa kuzileta, hii ni dhahabu.

Umeme wa mtaani ukirudi mara nyingi haurudi mara moja. Unakuja, unatoka sekunde chache, unakuja tena. Saa 05:09 ulirudi, UPS ikafungua, NAS ikaamka. Saa 05:11 ukayumba. UPS ikarukia betri ambayo imechaji dakika mbili tu, ikamwambia NAS "niko kwenye betri na imeshuka". NAS ikisikia maneno hayo mawili pamoja haisubiri dakika 5, inajizima papo hapo. Baada ya sekunde kadhaa umeme ukatulia, UPS haikufika kuzima, na tumerudi kwenye hali ile ile ya Alhamisi: NAS imelala na adapta yake ina umeme.

#19 Mzee wa Multimita

Kuyumba si lazima. Volti chini pia inatosha. Alfajiri umeme ukirudi, kila friji na kila pampu ya maji mtaani inaanza kwa pamoja. Volti zinaanguka. UPS ina mpaka wake, ikiona ziko chini sana inahama kwenda betri hata kama taa ya ndani inawaka. Kwa hiyo unaweza kuwa na umeme nyumbani na UPS ikasema hakuna. Dada, pima volti saa mbili usiku watu wakiwa wanapika.

#20 Mama Happy

Nimesoma uzi wote nimeelewa nusu, lakini nina la kusema. Kwetu UPS ilikuwa inalia kila Jumamosi jioni na kompyuta ya baba watoto inazima. Fundi kaja mara mbili. Siku moja nikamkuta binti anapiga pasi sare za shule, pasi kaichomeka kwenye ekstensheni iliyotoka kwenye UPS kwa sababu ndiyo iliyo karibu na meza. Binti hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Nikaandika kwa kalamu nene kwenye ekstensheni: HAPA SI PA PASI. Haijalia tena.

#21 Chomoa_Chomeka

Mama Happy, umetoa msaada kuliko mafundi wawili. Pasi ya wati 1000 kwenye UPS ya wati 360, hesabu sasa naijua.

#22 Mtu wa Ratiba

Na je, LUKU? Yangu iliwahi kuisha saa tisa usiku, NAS ikazima kistaarabu, mimi asubuhi nalaumu umeme wa mtaa mzima wakati majirani wanachemsha chai.

#23 PichaTabata

#22 hapana, mtaa mzima ulikuwa giza, na uniti zilikuwepo. Jirani mwenye duka anasema umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro, alikuwa anafungua. NAS inasema 05:09. Hizo dakika kama 20 zimekwenda wapi?

#19, nimepima saa mbili na robo usiku: volti 181. Saa tano usiku: 224.

#24 Daktari wa Diski

Hizo dakika 20 mimi sizipuuzi. Kuna uwezekano ambao hamjautaja: betri ndogo ya saa iliyoko ndani ya NAS, ile ya mviringo, CR2032. Ikichoka, umeme ukikatika kabisa NAS inasahau saa, na baadhi zinasahau pia ile tiki ya kujiwasha. Saa inakuwa ya uongo mpaka ipate muda sahihi kutoka kwenye mtandao. NAS yako ina miaka minne na imekaa muda mwingi bila umeme. Nimeziona za hivyo.

#25 SevaYaChumbani

#24, kama ingekuwa imesahau tiki isingewaka 05:09. Iliwaka.

#26 Daktari wa Diski

Imeanza kuchoka, haijafa. Siku moja inakumbuka, siku nyingine haikumbuki. Na mimi sijasema ndiyo hiyo, nasema pima kabla ya kumlaumu mwenye UPS. CR2032 mpya ni volti 3. Ukikuta 2.6, badilisha.

#27 Jua la Dodoma

Wakuu, hizi UPS ndogo mnahangaika nazo za nini? Mimi nina inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu, paneli juu ya bati. Umeme ukikatika taa haipepesi. NAS yangu sijaiwekea UPS mwaka wa pili.

#28 SevaYaChumbani

Hongera, na naomba uangalie vitu viwili. Inveta nyingi za aina hiyo zina mpangilio wa kuhama: wa kompyuta ni kama milisekunde 10, wa vifaa vya nyumbani ni kama 20. Zilizowekwa kwenye wa pili, adapta nyingine zinavumilia na nyingine zinaangusha NAS. Inawezekana yako imewekwa vizuri.

La pili ndilo kubwa. Siku mawingu yamekaa siku tatu na lithiamu imefika chini, ubao wake wa ulinzi unakata bila kuaga. NAS yako nani anaipa taarifa? Weka UPS ndogo katikati, si kwa ajili ya kubeba mzigo, ila iwe ndiyo ya kusema "jamani, umeme umeisha, fungeni".

#29 Jua la Dodoma

Hilo la taarifa sikuliwaza. Nimefungua 192 yangu: 9. Nimefarijika, lakini hizo 9 zilitoka wapi?

#30 Mswahili wa Nyali

Karibu kwenye chama. Mimi namba zangu ziliruka 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, ile siku hata uwanja wa ndege wa Nairobi uliingia giza. Ilikatika na kurudi, ikakatika tena.

Narudi kwa dada. Kama UPS haipokei amri ya kukata, badilisha mpango: usimwambie NAS izime baada ya dakika 5. Mwambie isubiri mpaka UPS iseme betri imeshuka. Hapo NAS itazima dakika chache kabla UPS haijafa. UPS itakufa kweli, adapta itakosa umeme kweli, na umeme ukirudi NAS itauona.

#31 Mzee wa Multimita

Ushauri mzuri kwa betri mpya, hatari kwa betri kuukuu. Wewe mwenyewe #13 ulisema ilionyesha 100 ikaanguka kwa dakika mbili. Betri iliyochoka haishuki ngazi, inaporomoka. UPS inasema "imeshuka" na sekunde 20 baadaye kimya. NAS inahitaji dakika moja, mbili, na yenye programu nyingi hata zaidi, kufunga kila kitu. Mimi bado niko na dakika 5.

#32 Mswahili wa Nyali

Mzee, dakika 5 inalinda data na inamwacha amelala. Yeye yuko Morogoro. Anataka vyote viwili.

#33 Mzee wa Multimita

Data kwanza, mwanangu. Kuamka kutafutiwa njia nyingine.

#34 Mtu wa Ratiba

Njia nyingine ipo na haina gharama. NAS nyingi zina ratiba ya kuwaka na kuzima. Weka iwake kila siku saa 12 asubuhi na saa 8 mchana. Ikiwa tayari inawaka haidhuriki, ikiwa imelala inaamka. Natumia hivyo mwaka mzima. Mhariri wa Arusha atasubiri masaa machache, hatasubiri siku tatu.

Wengine watakuambia utume ishara ya kuamsha kupitia ruta. Nilijaribu: ikijizima yenyewe inaamka, lakini umeme ukikatika kabisa kwenye adapta, kadi ya mtandao ya NAS yangu haisikilizi tena mpaka iwashwe mara moja kwa kidole.

#35 Daktari wa Diski

#34, na ratiba inasoma saa ya ndani. Betri ya saa ikiwa imekufa, saa 12 asubuhi haitafika. Nimerudi pale pale.

Na dada, UPS na RAID 1 si bakapu. Mwizi akibeba kile kiboksi anabeba pacha zote mbili. Una nakala nje ya nyumba?

#36 PichaTabata

Ninayo ya mwaka jana, diski iko kwa dada yangu Ukonga. Ya mwaka huu bado. Nitaipeleka kabla ya safari, umenigusa.

Niliyofanya leo: nimefungua NAS, betri ya saa inasoma 2.9. Sijui #24 utasemaje. Nimeweka ratiba ya #34. Nimebadilisha iwe "subiri mpaka betri ishuke", nikazima swichi ya ukutani nikiwa na saa mkononi. UPS ilibeba dakika 38. Ilipotangaza imeshuka, NAS ilichukua dakika 1 na sekunde 50 kuzima. UPS ikafa dakika 4 baadaye. Nikawasha swichi, NAS ikawaka yenyewe. Nimepiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Halafu nikaigiza kuyumba kwa #18: nimezima tena mpaka ikaisha, nikawasha, nikasubiri dakika mbili, nikazima sekunde 10, nikawasha. Mara ya kwanza NAS ililala moja kwa moja, kama Jumapili. Nikarudia yote upya, mara ya pili ikaamka vizuri. Sijabadilisha kitu katikati.

#37 SevaYaChumbani

Mara ya pili betri ilikuwa imechaji kidogo zaidi, haikutangaza kushuka. Ndivyo ninavyoona.

#38 Daktari wa Diski

2.9 bila mzigo si 2.9 ikiwa kazini. Weka mpya tu, ni bei ya soda.

#39 Mzee wa Multimita

Nanyi mnasahau volti 181. Kajaribu usiku watu wakipika au mchana? Majaribio ya mchana hayajibu maswali ya alfajiri. Dada, kama mfuko unaruhusu, nunua UPS yenye AVR ndani, inayopandisha volti bila kugusa betri, na uhakikishe kabla ya kulipa kwamba inapokea amri ya kukata. Mwambie muuzaji akuonyeshe pale dukani.

#40 Bin Mkunazini

Na tundu la USB amelisugua? Nauliza tu.

#41 PichaTabata

Nimejaribu mchana, Mzee. Tundu nimelisugua, Bin Mkunazini, lilikuwa safi lakini nimelisugua.

Saa 3:42 usiku, umeme umekatika sasa hivi, mtaa mzima. UPS imeanza kulia. Sijagusa chochote, niko na simu na mshumaa mbele yake.

#42 Mzee wa Multimita

Usiiguse. Acha mpaka ikate yenyewe, uandike dakika.

#43 SevaYaChumbani

Na ukirudi, hesabu umeyumba mara ngapi. Tupo macho.